Sawa kwa Lipi? Chuma Badala na Lugha ya Kanuni za Uchomeleaji

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo la ufundi ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, haliwahusu wanalugha hata kidogo. Jambo lenyewe ni masharti ya kanuni za uchomeleaji pale ambapo chuma cha ujenzi kilichotajwa katika michoro hakipatikani, na mahali pake pakatiwa chuma kingine kisemwacho kuwa "sawa" nacho. Huenda msomaji akauliza: jarida la lugha lina haja gani na chuma? Jibu letu ni kwamba tatizo hili, likichimbuliwa hadi mzizi wake, ni tatizo la maana. Mhandisi anayeuliza kama chuma hiki ni sawa na kile anauliza swali lile lile ambalo mfasiri hujiuliza kila siku kuhusu maneno ya lugha mbili.

Katika Kiswahili swali hilo lina hatari ya pekee. Neno "sawa" lina kazi mbili. Kwanza hulinganisha: "Vijiti hivi ni sawa." Pili hukubali: "Nikate hapa?" "Sawa." Katika mazungumzo ya kila siku kazi hizi mbili hazigongani. Lakini katika uchomeleaji wa daraja au ghorofa, kulinganisha ni jambo moja na kuruhusu ni jambo jingine kabisa. Na kanuni zimeandikwa kwa bidii kubwa ili mambo hayo mawili yasichanganywe. Tutajaribu kuonyesha kwamba usawa wa vyuma ni usawa kwa jambo fulani tu, kwamba usawa huo peke yake hauleti ruhusa, na kwamba istilahi zetu hazina budi kuihifadhi tofauti hiyo.

2. Mahali tatizo linapozuka

Nchini Kenya, mabamba mazito na mihimili mikubwa ya chuma kwa kawaida huagizwa kutoka ng'ambo. Chuma hicho hutoka China, India, Japani, Ulaya na kwingineko, na kila nchi hukiita chuma chake kwa jina la kiwango chake. Michoro nayo haina asili moja. Reli ya kwanza iliyotoka Mombasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896, ilijengwa na Waingereza kwa desturi za kihandisi za kwao. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa viwango vya China. Kwa hiyo si ajabu mhandisi aliyefundishwa kwa viwango vya Uingereza kupewa michoro inayotaja chuma cha Kimarekani, ilhali bohari ya mfanyabiashara ina chuma cha Kichina peke yake.

Hapo ndipo lisemwapo lile neno: "Hiki ni sawa na kile." Aghalabu anayelisema ni mfanyabiashara, naye hasemi uongo. Ana jedwali lenye safu mbili za majina, na katika jedwali hilo majina hayo mawili yamekaa mstari mmoja. Jedwali la namna hiyo ni kama faharasa ya maneno iliyoandikwa bila mifano ya matumizi. Humwonyesha msomaji pa kuanzia kutafuta, wala haliwezi kumwonyesha zaidi ya hapo.

3. Jina la chuma na maana yake

Tuanze na majina yenyewe, kwa kuwa yana sarufi yake. Ili tuielewe sarufi hiyo, hatuna budi kutofautisha nguvu mbili za chuma. Kipande cha chuma kikivutwa taratibu hurefuka kidogo, na kikiachiliwa hurejea urefu wake wa kwanza. Kikivutwa zaidi hufika mahali ambapo hakirejei tena. Hapo tutapaita kikomo cha mnyumbuko. Kikiendelea kuvutwa, mwishowe hukatika. Mzigo mkubwa kuliko yote kilioweza kuuhimili kabla ya hapo, ukigawanywa kwa eneo la mkato wake, tutauita nguvu ya kukatika. Nguvu zote mbili hupimwa kwa megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba.

Sasa tutazame majina. Katika kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 4360, kulikuwa na madaraja ya 43 na 50, na tarakimu hizo zilitokana na nguvu ya kukatika. Kiwango cha Ulaya kilichochukua nafasi yake, EN 10025, huyaita madaraja yanayokaribiana na hayo S275 na S355. Lakini tarakimu hizi zinataja kikomo cha mnyumbuko. Wajerumani nao walisema St 37 na St 52, wakihesabu nguvu ya kukatika kwa kilo kwa milimita ya mraba. Wajapani husema SS400, na hiyo 400 ni nguvu ya kukatika. Wachina husema Q355. Herufi Q ni ya mwanzo wa neno lao la kunyumbuka, kwa hiyo 355 ni kikomo cha mnyumbuko. Wamarekani husema A36, na 36 ni kikomo cha mnyumbuko kwa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba, yaani megapaskali 250. Lakini wanaposema A572 Daraja la 50, tarakimu 572 haina maana ya nguvu hata kidogo, bali ni namba ya hati tu. Nguvu imo katika 50, ambayo ni megapaskali 345.

Basi mtu anayelinganisha majina kwa kutazama tarakimu hulinganisha vitu visivyolingana. SS400 ya Japani haina nguvu kuliko S355 ya Ulaya, ingawa 400 ni kubwa kuliko 355. Tarakimu hizo hazijibu swali moja. Kuna mfano mwingine mzuri zaidi. Kiwango cha China GB/T 1591 kilipotolewa upya mwaka 2018, daraja lililoitwa Q345 liliondolewa na Q355 likashika nafasi yake. Sehemu ya sababu ni kwamba hapo awali kikomo cha mnyumbuko kilisomwa kwenye kiwango chake cha chini, na sasa husomwa kwenye kiwango chake cha juu. Jina lilibadilika kwa kuwa njia ya kupima ilibadilika. Mwanaisimu atalitambua jambo hilo mara moja: kitajwa kimebaki karibu na pale kilipokuwa, ila kitaja kimehama.

4. Usawa unaobadilika kwa unene

Tuchukue sasa jozi inayotajwa mara nyingi kuliko zote: A572 Daraja la 50 ya Marekani na S355 ya Ulaya. Katika majedwali ya wafanyabiashara vyuma hivi huwekwa pamoja, na kuna sababu. Kimoja kina kikomo cha mnyumbuko kisichopungua megapaskali 345, na kingine 355. Nguvu ya kukatika ya cha kwanza haipungui 450, na ya cha pili haipungui 470. Mtu atasema kwamba chuma cha Ulaya si sawa tu, bali kimezidi.

Maneno hayo ni ya kweli kwa bamba la milimita 12. Lakini EN 10025 hushusha kikomo cha mnyumbuko kadiri bamba linavyonenepa: 355 hadi unene wa milimita 16, kisha 345 hadi milimita 40, kisha 335 hadi milimita 63. Kiwango cha Marekani hakishuki namna hiyo. 345 hubaki 345 hadi unene wa milimita 100. Kwa hiyo katika bamba la milimita 50, chuma kilichokuwa kimezidi sasa kimepungukiwa kwa megapaskali 10. Majina hayakubadilika, jedwali halikubadilika, lakini usawa umetoweka.

Wanalugha wanaijua hali hii vizuri. "Kufa" na "kufariki" hufundishwa kuwa visawe. Katika habari za mtu, kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine, ingawa adabu hutofautiana. Lakini mtu akisema kwamba ng'ombe wake amefariki, wasikilizaji watacheka. Usawa wa maneno hayo ulikuwa usawa ndani ya muktadha, nao muktadha ulipobadilika, usawa ulikwisha. Unene wa bamba ni muktadha wa chuma.

Yako mambo mengine ambayo jina fupi huyaficha. Chuma chaweza kuwa na nguvu nyingi na hata hivyo kikawa chepesi kukatika ghafula wakati wa baridi au kinapopigwa. Wepesi huo hupimwa kwa kupiga kipande kidogo chenye mkato na kuhesabu nishati kilichoimeza. Herufi zinazofuata S355 hueleza jambo hili: JR humaanisha jouli 27 katika nyuzi 20 za Selsiasi, J0 humaanisha jouli 27 katika nyuzi 0, na J2 humaanisha jouli 27 katika nyuzi 20 chini ya sifuri. A572, kwa masharti yake ya kawaida, hailazimishi jaribio hili. Mnunuzi hana budi kuliomba. Kwa hiyo anayebadilisha S355J2 kwa A572 bila kuuliza zaidi amepata nguvu inayokaribiana, lakini amepoteza ahadi iliyokuwamo katika herufi na tarakimu moja ya mwisho.

5. Kaboni linganifu

Mpaka hapa tumezungumza juu ya chuma kabla hakijachomelewa. Kuchomelea huongeza swali jipya: chuma hiki kitafanya nini kikiyeyushwa na kupoa upesi? Hapo nguvu haitoshi kuwa kipimo. Lazima tujue viungo vyake.

Mshono wa kuchomelea ukipoa, chuma kilichopakana nao hupoa haraka sana, kwa kuwa bamba kubwa lililo baridi hunyonya joto. Chuma chenye kaboni nyingi kikipoa kwa haraka hiyo huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Ikiwa pia haidrojeni imeingia katika mshono, kutokana na unyevu wa ganda la elektrodi, kutu au mafuta, basi ufa waweza kutokea katika ukanda huo mgumu. Ufa huu una hila: hauonekani papo hapo. Waweza kuzuka baada ya saa nyingi, hata siku, wakati ambapo fundi amekwisha kwenda zake na mkaguzi amekwisha kutia sahihi. Ndiyo maana kanuni za Marekani, kwa baadhi ya vyuma vyenye nguvu kubwa sana, huagiza kwamba ukaguzi wa kukubali kazi ufanywe baada ya kupita muda usiopungua saa 48.

Kaboni si kiungo pekee kinachosababisha ugumu huo. Manganisi, kromi, molibdeni, vanadi, nikeli na shaba husaidia pia, kila kimoja kwa kadiri yake. Dearden na O'Neill walipendekeza mwaka 1940 namna ya kuvijumlisha viungo hivyo kana kwamba vyote ni kaboni, na Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji ikaja kueneza fomula hii, ambayo hutumika mpaka leo:

KL = C + Mn/6 + (Cr + Mo + V)/5 + (Ni + Cu)/15

Hapa KL ni kaboni linganifu, na kila alama ya kemia husimama badala ya asilimia ya kiungo chake. Tuchukue mfano wa kubuni wa vyuma viwili ambavyo vyote vimefika kikomo cha mnyumbuko cha 345. Cha kwanza kina kaboni 0.14 na manganisi 1.20; kromi, molibdeni na vanadi jumla 0.05, nikeli na shaba jumla 0.15. Kaboni linganifu yake ni 0.14 + 0.20 + 0.01 + 0.01, yaani 0.36. Cha pili kina kaboni 0.18 na manganisi 1.40, kundi la kromi jumla 0.10, nikeli na shaba jumla 0.30. Kaboni linganifu yake ni 0.18 + 0.23 + 0.02 + 0.02, yaani 0.45. Kwa mkokotozi wa nguvu za jengo, vyuma hivi viwili ni kimoja. Kwa mchomeleaji, ni viwili. Cha pili, hasa kikiwa kinene, hutaka uangalifu mkubwa zaidi: elektrodi zenye haidrojeni kidogo zilizotunzwa pakavu, na bamba kupashwa moto kabla ya kuanza kazi, ili lisipoe upesi.

Msomaji ataona pia kwamba "linganifu" katika "kaboni linganifu" haina maana ile ile ya "chuma linganifu". Katika istilahi ya kwanza tunabadilisha viungo mbalimbali kuwa hesabu moja. Katika ya pili tunadai kwamba kitu kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, na mfasiri asiyejihadhari ataurithi mkanganyo huo.

6. Daraja la Melbourne

Mambo haya si ya karatasi tu. Daraja la King's Bridge, mjini Melbourne, Australia, lilifunguliwa mwaka 1961. Mihimili yake ilitengenezwa kwa chuma chenye nguvu kubwa kilichoagizwa kwa kiwango cha Uingereza BS 968 cha mwaka 1941. Asubuhi ya baridi ya tarehe 10 Julai 1962, gari la mizigo lenye uzito wa tani zipatazo 45 lilipokuwa likipita, mihimili ya sehemu moja ilivunjika na sehemu hiyo ikashuka. Kuta zilizokuwa chini yake ndizo zilizoizuia isianguke kabisa.

Tume ya Kifalme iliyoundwa kuchunguza mkasa huo ilitoa ripoti yake mwaka 1963. Mivunjiko ilianzia kwenye mishono ya kukingama, mwishoni mwa mabamba ya nyongeza yaliyochomelewa chini ya mihimili. Baadhi ya nyufa zilikuwapo kabla gari hilo halijafika. Chuma kile kilikuwa na nguvu iliyotakiwa na mkokotozi. Lakini mchanganyiko wake wa kaboni na manganisi ulikifanya kiwe kigumu kuchomelewa kwa usalama, na uangalifu uliohitajika haukuwapo tangu kuagiza chuma hadi kukagua mishono. Jina la kiwango lilikuwa limejibu swali la nguvu. Swali la kuchomeleka lilikuwa halijajibiwa, na kila aliyehusika aliweza kudhani kwamba mwingine amekwisha kulijibu.

7. Kanuni yasemaje

Sasa twaweza kuielewa kanuni. Chama cha Uchomeleaji cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1919, kilitoa kanuni yake ya kwanza ya majengo mwaka 1928. Na kanuni ijulikanayo kwa jina la D1.1 ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, nayo hurekebishwa mara kwa mara. Kanuni hii inahusu vyuma vya kaboni na vyenye viungo vichache vya nyongeza, unene wake usipungue milimita 3, na kikomo chake cha mnyumbuko kisizidi megapaskali 690.

Kanuni hiyo inataka kila kazi iwe na maelezo ya utaratibu wa uchomeleaji yaliyoandikwa: chuma gani, elektrodi gani, umeme kiasi gani, joto gani, kiungo cha umbo gani. Maelezo hayo hupata uhalali kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukubaliwa tangu awali. Mtu akitumia chuma kilichomo katika orodha ya kanuni, na elektrodi iliyopangwa pamoja nacho, na kiungo cha umbo lililochorwa humo, na akayafuata masharti mengine yote, hahitaji kufanya jaribio. Uzoefu wa miaka mingi umekwisha kumfanyia. Njia ya pili ni jaribio. Mabamba ya chuma kile kile huchomelewa kwa utaratibu uliopendekezwa, huchunguzwa, kisha hukatwa vipande: viwili huvutwa hadi kukatika, na vinne hupindwa ili ionekane kama mshono utapasuka. Matokeo huandikwa na kutiwa sahihi.

Orodha ya njia ya kwanza imejengwa kwa majina ya viwango vya Kimarekani, kama vile vya ASTM na API. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Chuma kisichomo katika orodha, hata kikifanana na kilichomo kama pacha kwa pacha, hakiwi kimekubaliwa tangu awali kwa sababu ya kufanana huko. Kanuni haikikatazi, inakipeleka kwenye njia ya pili. Kufanana kwake ni sababu nzuri ya kutarajia kwamba kitafaulu jaribio, wala si sababu ya kulikwepa.

Kiko kipengele kimoja cha kuangaliwa. Kiwanda chaweza kupima chuma chake kwa masharti ya viwango viwili na kuvishuhudia vyote viwili katika cheti kimoja. Chuma hicho basi kina majina mawili halali, na kikitimiza kweli masharti ya A572, basi ni A572, hata kama kimetengenezwa mbali na Marekani. Ushuhuda wa kiwanda kwenye cheti chenye namba ya myeyusho wa chuma hicho hicho ndio unaokipa jina. Jedwali la mfanyabiashara haliwezi kufanya kazi hiyo.

Ulaya hufuata mkabala mwingine. Badala ya orodha ya majina, huvigawa vyuma katika makundi kwa sifa zake; S275 imo katika kundi la 1.1 na S355 katika kundi la 1.2, na jaribio lililofanywa kwa chuma kimoja laweza kutumika kwa vingine kwa masharti yaliyowekwa. Twaweza kusema kwamba Wamarekani wanaorodhesha msamiati, na Wazungu wa Ulaya wanapanga ngeli. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: anayeamua kwamba badala inafaa ni mhandisi mwenye mamlaka hayo katika mkataba, naye huamua kwa maandishi.

8. Kuzidi si kuwa sawa

Wako wanaodhani kwamba chuma chenye nguvu zaidi hakiwezi kuleta madhara. A36 ya Marekani ina kima cha chini cha kikomo cha mnyumbuko, ila haina kima cha juu. Katika miaka ya 1990 chuma kingi kilichouzwa kwa jina hilo kilikuwa na nguvu iliyopita sana 250, na kingine kilishuhudiwa kwa A36 na A572 Daraja la 50 kwa pamoja. Katika mahali penye matetemeko ya ardhi, mhandisi hukusudia kwamba mhimili unyumbuke kabla ya nguzo na kabla ya mshono, ili jengo limeze nguvu za tetemeko bila kuanguka. Mhimili wenye nguvu kuliko ulivyoandikwa hukataa kunyumbuka na huuelekeza mzigo kwenye mshono.

Tetemeko la Northridge, California, la tarehe 17 Januari 1994, lilileta nyufa katika viungo vya kuchomelewa vya majengo mengi ya fremu za chuma. Sababu zilikuwa kadhaa, mojawapo ikiwa ni madini ya mshono yaliyokuwa mepesi kuvunjika. Pamoja na hatua nyingine, mwaka 1998 kilitokea kiwango kipya cha mihimili, A992, ambacho kina kima cha chini cha 345 na pia kima cha juu cha 450, na hudai kwamba kikomo cha mnyumbuko kisizidi asilimia 85 ya nguvu ya kukatika. Hapo "sawa" imepewa mipaka ya pande zote mbili.

9. Wajibu wa istilahi

Turudi sasa nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mafundi wengi wanaoshika elektrodi hupokea maagizo yao kwa Kiswahili. Siku kanuni hizi zitakapoandikwa au kufundishwa kwa lugha yetu, maneno manne yatahitaji kushughulikiwa kwanza.

La kwanza ni "sawa". Tunapendekeza neno hili lisitumike katika maandishi ya kanuni kwa maana yoyote ile. Litaendelea kuishi kwa raha katika mazungumzo; lakini katika hati, fundi aliyeambiwa kwamba chuma ni sawa atakuwa amesikia ruhusa.

La pili ni "linganifu". Hili linafaa, kwa sharti kwamba lisisimame peke yake. Isisemwe "chuma linganifu", bali "chuma linganifu kwa kikomo cha mnyumbuko katika unene wa milimita 12". Kijalizo hicho kinamlazimisha mwandishi kujibu swali la kichwa cha makala haya.

La tatu ni "badala". "Chuma badala" kitaje kitu kilichoombewa nafasi ya kingine, na "chuma badala kilichoidhinishwa" kitaje kile ambacho mhandisi amekitilia sahihi. Kwa namna hiyo kulinganisha, kuomba na kuidhinisha vitakuwa na maneno matatu mbalimbali.

La nne ni "chuma cha pua". Katika kamusi kongwe "pua" ni chuma kigumu kwa jumla, kama "feleji" lilivyotaja chuma bora cha panga. Leo, kwa watumiaji wengi, "chuma cha pua" ni kile kisichoshika kutu. Mfasiri akifuata kamusi kongwe na kuandika "chuma cha pua" katika maelezo ya mihimili, mnunuzi aweza kuagiza chuma ambacho hakimo kabisa katika kanuni ya D1.1, bali kina kanuni yake nyingine, D1.6. Kwa hiyo "chuma cha ujenzi" ni salama zaidi.

Kadhalika, vitenzi vya amri vyahitaji nidhamu. D1.1 inaeleza kwamba 'shall' ni lazima, 'should' ni pendekezo, na 'may' ni hiari. Kwa Kiswahili, "inapasa" huelea kati ya lazima na pendekezo, na "aweza" huelea kati ya uwezo na ruhusa. Tunapendekeza "sharti" kwa la kwanza, "inashauriwa" kwa la pili, na "inaruhusiwa" kwa la tatu, bila kubadilishabadilisha kwa ajili ya kupamba maandishi. Mwandishi wa insha husifiwa kwa kutorudia neno. Mwandishi wa kanuni husifiwa kwa kulirudia.

10. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba jina la chuma hujibu maswali machache tu, na kwamba majina mawili yanayokaribiana huenda yasijibu swali moja. Tumeona kwamba usawa wa nguvu waweza kutoweka kwa kuongezeka unene, kwamba vyuma viwili vyenye nguvu moja vyaweza kutofautiana mbele ya moto wa mchomeleaji, na kwamba hata kuzidi kwaweza kuwa kasoro. Kanuni zinajua hayo. Ndiyo sababu zinamdai mtu cheti, jaribio na sahihi, hata pale macho yanapoona mapacha.

Kazi ya mwanalugha katika shughuli hii ni ndogo lakini haina mbadala. Hawezi kupima kaboni wala kuvuta kipande cha chuma hadi kikatike. Aweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba fundi anapouliza, "Je, hiki ni sawa?", hati iliyo mkononi mwake haimjibu kwa neno hilo hilo, bali inamuuliza: sawa kwa lipi, na nani ameruhusu?